Hukumu Isiyoiridhisha Serikali: Mahakama ya Kijeshi ya 1964 na Mipaka ya Haki Magharibi mwa Tanzania

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei 1964 mahakama ya kijeshi iliyoketi Dar es Salaam ilitoa hukumu dhidi ya askari wa Tanganyika Rifles walioshitakiwa kwa maasi ya Januari mwaka huo. Kati ya washitakiwa 19, 14 walitiwa hatiani na watano waliachiwa. Adhabu kubwa kuliko zote, kifungo cha miaka 15, ilimwangukia Sajini Francis Hingo Ilogi, aliyetambuliwa kuwa kiongozi wa maasi. Wengine walipewa vifungo vya muda mfupi zaidi. Hakuna aliyehukumiwa kifo, ingawa kosa la maasi lingeweza kuadhibiwa hivyo chini ya sheria za kijeshi zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni. Rais Julius Nyerere alieleza hadharani kwamba adhabu hizo zilikuwa nyepesi mno kwa uzito wa kosa lenyewe. Hata hivyo, alikataa kuzibadili kwa hoja kwamba kufanya hivyo kungekuwa kuuvunja utawala wa sheria.

Tukio hilo limezoeleka kusimuliwa kama ushahidi wa uvumilivu wa kisheria wa dola changa. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Katika miezi ileile ambayo serikali iliheshimu hukumu isiyoipenda, watu wapatao 200 ambao hawakuwa askari waliwekwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Askari wengi zaidi walifukuzwa jeshini na kurudishwa makwao bila kusomewa mashitaka. Insha hii inajenga hoja kwamba maasi ya 1964 yalizaa njia tatu za kuwashughulikia watu: mahakama, kizuizi na kufukuzwa. Kati ya njia hizo, ni mahakama ya kijeshi peke yake iliyompa mtu shitaka linalojulikana, nafasi ya kujitetea, na adhabu yenye ukomo. Aliyetuhumiwa kwa kosa kubwa zaidi ndiye aliyepata ulinzi mkubwa zaidi wa sheria.

Hoja hiyo inachunguzwa kwa kuanzia magharibi mwa nchi, katika eneo la Mpanda ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi. Eneo hilo halikuwa na kambi iliyoasi. Lilikuwa, hata hivyo, chini ya mkoa wenye makao makuu Tabora, mji ambao batalioni yake iliasi siku moja baada ya ile ya Dar es Salaam. Aidha, lilipakana na Sumbawanga, mahali ambapo serikali ilikuwa imekwisha kuwapeleka kwa amri, bila kesi, viongozi wa wafanyakazi iliowaona kuwa wasumbufu. Kwa hiyo njia ya mahakama na njia ya amri zote mbili zilipita karibu na Mpanda.

2.0 Mpanda, Tabora na Dola Magharibi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012. Kabla ya hapo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, ulioundwa mwaka 1974 kwa kuichukua Mpanda kutoka Tabora na Sumbawanga kutoka Mbeya. Mabadiliko hayo ya mipaka yana umuhimu kwa mtafiti, kwa kuwa mwaka 1964 mkazi wa Mpanda aliyetafuta ofisi ya mkoa alielekea kaskazini, Tabora, kwa reli. Reli hiyo ya tawi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua, ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi uliokuwa ukiendeshwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na pamoja nayo mji uliojengwa na mgodi.

Historia ndefu zaidi ya eneo hili inaonyesha jinsi mamlaka ya silaha na mamlaka ya hukumu yalivyokuwa mikononi mwa watu walewale. Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kulijengwa kituo mwaka 1879 na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, mwaka 1885. Chini ya utawala wa Wajerumani, mkuu wa boma alikuwa kamanda wa askari, mtoza kodi na mwamuzi wa mashauri kwa wakati mmoja. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji wa Tabora Septemba 1916, na amri za kijeshi zikawa tena ndizo sheria za kila siku kwa muda.

Waingereza walitenganisha kazi hizo hatua kwa hatua, lakini hawakuzitenganisha kabisa, kwa maana mkuu wa wilaya aliendelea kuwa na mamlaka ya uhakimu. Pia waliacha sheria ya kumhamisha mtu kwa amri, yaani kumwondoa mahali alipo na kumlazimisha kuishi kwingine bila kumtia hatiani kwa kosa lolote. Wilaya za mbali na pwani, zenye barabara chache na magazeti machache, zilifaa kwa kazi hiyo. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, dhana kwamba mwenye kuamuru askari hapaswi kuwa mwenye kuamua kesi ilikuwa bado ngeni katika sehemu kubwa ya nchi, magharibi ikiwemo.

3.0 Maasi ya Januari 1964

Tanganyika Rifles ilitokana moja kwa moja na King's African Rifles, jeshi lililojulikana kwa wananchi kama Keya. Batalioni ya 6 ya KAR ikawa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles, na ile ya 26 ikawa batalioni ya pili. Ya kwanza ilikuwa katika kambi ya Colito nje ya Dar es Salaam, na ya pili ilikuwa katika kambi ya Kalewa mjini Tabora. Majina ya kambi zote mbili yalitokana na vita vya Waingereza: Colito huko Ethiopia na Kalewa huko Burma. Kamanda mkuu alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, na maofisa wa ngazi za juu walikuwa Waingereza, zaidi ya miaka miwili baada ya uhuru.

Madai ya askari yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa mshahara: askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi, na walidai 260. La pili lilikuwa uongozi: walitaka maofisa Waingereza waondolewe na nafasi zao zichukuliwe na Waafrika. Dai hili la pili lilipata nguvu mapema Januari 1964, baada ya Nyerere kutoa waraka ulioelekeza kwamba raia wote wa Tanganyika watendewe sawa katika ajira ya serikali bila kujali rangi. Kwa askari aliyekuwa akingoja zamu yake ya kupanda cheo, waraka huo ulisomeka kama kufungwa kwa mlango. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari yaliongeza wasiwasi, hasa kwa kuwa polisi wapatao 300 walipelekwa visiwani na kuacha mji mkuu ukiwa na ulinzi mdogo.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari askari wa Colito waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini na kuyashika maeneo muhimu. Nyerere na Makamu wake, Rashidi Kawawa, walifichwa mahali pa usalama. Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, alikwenda kuzungumza na waasi. Maduka yaliporwa, na watu zaidi ya kumi walipoteza maisha katika vurugu za siku hiyo.

Tarehe 21 Januari batalioni ya Tabora nayo iliasi. Maofisa Waingereza waliwekwa chini ya ulinzi na baadaye wakaondolewa kwa ndege. Kapteni Mrisho Sarakikya, mmoja wa maofisa wachache wa Kiafrika waliopata mafunzo Sandhurst, ndiye aliyebeba uongozi wa kikosi hicho na kujitahidi kuzuia mambo yasiharibike zaidi. Kwa wakazi wa mkoa mzima, kutoka Nzega hadi Mpanda, hali hiyo ilimaanisha kwamba nguvu ya dola iliyokuwa karibu nao haikuwa tena chini ya amri ya dola. Suala halikuwa la Dar es Salaam pekee.

Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Nyerere, makomando wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza walitua Colito kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur. Upinzani ulikuwa wa muda mfupi, na askari wachache wa Tanganyika waliuawa. Tabora ilirudi chini ya mamlaka ya serikali bila mapigano ya namna hiyo. Nyerere hakuficha aibu ya kuwaita wakoloni wa jana kuja kuliokoa taifa huru. Mwezi Februari aliitisha mkutano wa mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na nafasi ya Waingereza ikachukuliwa na kikosi kutoka Nigeria kilichokaa nchini hadi Septemba.

4.0 Mahakama ya Kijeshi na Hukumu Zake

Serikali ilikuwa na chaguo kadhaa. Ingeweza kuwaweka waasi wote kizuizini, au kuwaadhibu kwa amri ya kiutawala. Chaguo lililofanywa lilikuwa kuwapeleka wale waliotajwa kuwa viongozi mbele ya mahakama ya kijeshi. Rais wa mahakama hiyo alikuwa Jaji Mkuu, Sir Ralph Windham, akikaa pamoja na maofisa wa jeshi. Uteuzi huo una maana kubwa. Mahakama ya kijeshi kwa kawaida ni mahakama ya maofisa wanaomhukumu askari wao. Kwa kumweka Jaji Mkuu kuiongoza, serikali iliifunga kesi ya jeshi na desturi za mahakama za kawaida kuhusu ushahidi, utetezi na shaka ya haki.

Tatizo la kisheria mbele ya mahakama lilikuwa gumu. Maasi ni kosa la kundi, lakini hatia ni ya mtu mmoja mmoja. Mamia ya askari walishiriki kwa namna moja au nyingine: wapo waliopanga, wapo waliofuata, na wapo walioamka usiku na kukuta wenzao wamekwisha kushika silaha. Mahakama haikuweza kumtia mtu hatiani kwa sababu tu alikuwa Colito. Ilibidi kila mmoja athibitike alifanya nini. Kuachiwa kwa washitakiwa watano kati ya 19 kunaonyesha kwamba kipimo hicho kilitumika. Mahakama iliyoundwa kwa ajili ya kuthibitisha tu uamuzi wa serikali isingewaachia zaidi ya robo ya walioletwa mbele yake.

Tofauti ya adhabu nayo inaonyesha upimaji huo. Miaka 15 kwa Ilogi si adhabu ndogo kwa mtu aliyedai mshahara na cheo, lakini ni ndogo kwa mtu aliyeongoza askari kuliweka taifa lote katika hatari. Mizani ilitegemea swali moja: je, maasi yalikuwa jaribio la kuipindua serikali, au yalikuwa mgomo wa watu wenye bunduki? Wapo waliosisitiza kwamba waasi hawakutangaza serikali mpya na walikubali kuzungumza na waziri. Wapo waliosisitiza kwamba askari anayemtia kiongozi wa nchi mafichoni amekwisha kuipindua serikali, hata asipotaka kukaa kwenye kiti chake. Hukumu zilikaribia zaidi mtazamo wa kwanza.

Ni hapo ndipo msimamo wa Nyerere unapopata uzito wake. Hasira ya umma ilikuwa kubwa, na Rais mwenyewe aliona adhabu haziendani na kosa. Alikuwa na wingi wa wabunge wa TANU na heshima ya nchi nzima. Lau angetaka kuongeza adhabu kwa sheria mpya au kwa amri, ni vigumu kuona ni nani angemzuia. Alichokifanya ni kusema kwamba hakuridhika, na kisha kuiacha hukumu isimame. Kwa tendo hilo alikubali kanuni kwamba anayeshitaki hawezi pia kuwa na neno la mwisho juu ya adhabu.

Ulinganisho na nchi jirani unasaidia. Wiki hiyohiyo ya Januari 1964 yalitokea maasi Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Uganda, baada ya Waziri Felix Onama kuzuiliwa na askari, ilikubali kuongeza mishahara. Kenya ilifuata njia ya mahakama ya kijeshi kwa ukali zaidi na kuwashitaki askari 43. Tanganyika ilisimama kati ya hizo mbili. Iliwashitaki wachache na ikalivunja jeshi lenyewe ili kujenga jingine.

5.0 Wasiofikishwa Mahakamani

Kulivunja jeshi la zamani kulimaanisha kwamba askari wengi wa Colito na Tabora walirudishwa uraiani. Kwao hapakuwa na kesi. Waliokuwa na hatia na wasiokuwa nayo walipoteza kazi, cheo na matarajio ya pensheni kwa uamuzi mmoja wa kiutawala. Ikiwa mahakama ya kijeshi ilikataa kumhukumu mtu kwa sababu ya kambi aliyokuwamo, kufukuzwa kwa jumla kulifanya hivyo hasa. Uamuzi huo unaeleweka kisiasa, kwani serikali haikuweza kuwarudishia bunduki watu walioielekezea bunduki. Lakini kisheria unabaki kuwa adhabu ya kundi.

Njia ya tatu ilikuwa nzito zaidi. Serikali iliamini kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wamewasiliana na waasi ili kuyageuza maasi kuwa jambo kubwa zaidi. Watu wapatao 200 walikamatwa, wakiwemo viongozi mashuhuri wa shirikisho la vyama hivyo, pamoja na baadhi ya polisi. Chombo kilichotumika kilikuwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962. Sheria hiyo ilimpa Rais mamlaka ya kumzuia mtu yeyote aliyeonekana kuhatarisha amani au usalama wa taifa, na ilieleza kwamba amri yake isihojiwe katika mahakama yoyote. Mzuiliwa alistahili kuelezwa sababu za kuzuiliwa, na kamati ya ushauri ingeweza kuliangalia suala lake, lakini kamati haikuwa mahakama na ushauri wake haukuwa hukumu.

Magharibi mwa nchi palikuwa pamekwisha kuonja desturi hiyo. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, alihamishwa kwa amri kwenda Sumbawanga pamoja na mwenzake, kufuatia migomo katika mashamba ya mkonge. Hawakushitakiwa kwa kosa lolote. Sumbawanga ilichaguliwa kwa sababu ileile iliyowafanya wakoloni kuzipenda wilaya za mbali: mtu aliyepelekwa huko alitengwa na wanachama wake, na wanachama wake walitengwa naye. Mwaka mmoja baadaye, baada ya maasi, Mkello alikuwa tena miongoni mwa waliokamatwa. Shirikisho la zamani la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, na mahali pake kikaundwa kwa sheria chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na TANU.

Ulinganifu wa hali hizi mbili ndio kiini cha insha hii. Ilogi, aliyeongoza maasi ya kutumia silaha, alijua shitaka lake, aliwaona mashahidi, alihukumiwa na mahakama iliyoongozwa na Jaji Mkuu, na alijua siku ambayo kifungo chake kingekwisha. Kiongozi wa wafanyakazi, ambaye hakushika silaha, hakuwa na shitaka la kukanusha, hakuwa na hakimu wa kumwomba, wala hakuwa na tarehe ya kuhesabu. Serikali iliyosema haiwezi kuongeza miaka juu ya hukumu ya askari iliweza kumfungia raia kwa muda usio na kikomo. Kanuni ya utawala wa sheria iliheshimiwa ndani ya chumba cha mahakama na ikasimamishwa nje yake.

Inawezekana kuitetea serikali kwa hoja ya hatari. Dola ilikuwa na miaka miwili, haikuwa na jeshi la kuaminika, na Zanzibar ilikuwa imetoka kupinduliwa. Hoja hiyo ina uzito kwa wiki za kwanza. Haina uzito uleule kwa miezi na miaka iliyofuata, baada ya kikosi cha Nigeria kufika, Muungano na Zanzibar kutimia Aprili 1964, na jeshi jipya kuanza kazi. Hatari ilipita, sheria ya kizuizi ikabaki.

6.0 Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa Septemba 1964 chini ya Sarakikya, ofisa yuleyule aliyekuwa Tabora wakati wa maasi. Kambi ya Colito ilipewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani mwaka 1891. Waajiriwa wapya walitafutwa miongoni mwa vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Askari aliruhusiwa kuwa mwanachama wa chama, jambo ambalo desturi ya Keya ilikuwa imelikataza. Nia ilikuwa kumfunga askari na taifa kwa imani, si kwa mshahara na kwa hofu pekee.

Mabadiliko ya kisheria yalifuata. Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Namba 24 ya 1966, ilichukua nafasi ya sheria zilizorithiwa. Ilimthibitisha Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu na kuweka kanuni za nidhamu ya jeshi zinazotaja makosa ya askari, kuanzia utoro na kutotii amri hadi maasi. Ilitofautisha mashauri madogo, ambayo kamanda wa kikosi huyaamua mwenyewe, na mashauri makubwa yanayopelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Muhimu zaidi kwa hoja hii, iliweka mahakama maalumu ya rufaa kwa ajili ya hukumu za mahakama za kijeshi. Kilichokuwa uamuzi wa hiari wa Rais mwaka 1964, yaani kuiachia mahakama neno lake, sasa kilipata muundo: hukumu ya kijeshi ingepingwa kwa rufaa mbele ya mahakama nyingine.

Sheria hiyo haikumtenga askari na mahakama za kiraia. Askari aliyevunja sheria za nchi angeweza kushitakiwa kama raia mwingine. Mlango huo ulioachwa wazi ndio uliotumika katika kesi kubwa zilizofuata.

7.0 Askari Mbele ya Mahakama Kuu

Baada ya 1964, askari waliotuhumiwa kula njama dhidi ya serikali hawakupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Walishitakiwa kwa uhaini mbele ya Mahakama Kuu, bega kwa bega na raia. Kesi ya kwanza ilianza mwaka 1970 na kumalizika Februari 1971 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges. Washitakiwa walikuwa pamoja na Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa TANU, Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri na katibu mkuu wa NUTA, na Gray Likungu Mattaka. Upande wa jeshi walikuwamo Kanali William Makori Chacha na Kapteni Elia Dunstan Lifa Chipaka. Shahidi mkuu wa upande wa mashitaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha PAC cha Afrika Kusini. Oscar Kambona, waziri aliyezungumza na waasi mwaka 1964, alitajwa kuwa kinara wa njama akiwa uhamishoni London. Mshitakiwa mmoja aliachiwa, na waliotiwa hatiani wakakata rufaa katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki.

Njama ya pili iligunduliwa Januari 1983 na iliwahusisha maofisa wa jeshi pamoja na raia. Wawili kati ya watuhumiwa walitoroka rumande na kukimbilia Kenya. Wakati huo Tanzania ilikuwa inawashikilia askari wa anga wa Kenya, akiwemo Hezekiah Ochuka, waliorukia Dar es Salaam baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 kushindwa. Novemba 1983 nchi hizo mbili zilibadilishana watu hao.

Kilichowapata baada ya kubadilishana kinaonyesha tofauti ya mifumo miwili. Ochuka alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi nchini mwake, akahukumiwa kifo na kunyongwa katika gereza la Kamiti. Watuhumiwa wa Tanzania walisimama mbele ya Mahakama Kuu, ambako uhalali wa maungamo yao ulibishaniwa kwa kirefu, na Desemba 1985 tisa walihukumiwa kifungo cha maisha. Wote walitoka katika nchi zilizorithi sheria za kijeshi kutoka chanzo kimoja. Kilichowatenganisha ni aina ya mahakama iliyochaguliwa kuwasikiliza.

Haifai kudai kwamba Mahakama Kuu ilichaguliwa kwa sababu ya wema. Njama zilizochanganya raia na askari zilihitaji mahakama yenye mamlaka juu ya wote wawili. Hata hivyo, matokeo yake yalikuwa kwamba kesi nzito zaidi za kijeshi katika historia ya nchi zilisikilizwa hadharani, mbele ya majaji wa kawaida, kwa sheria ya ushahidi ya kawaida.

8.0 Hitimisho

Njia ya amri ilichukua muda mrefu zaidi kurekebishwa kuliko njia ya mahakama. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la watu waliozuiliwa, ilishikilia kwamba sheria inayomnyima mtu uhuru wake lazima ifuatwe kwa ukamilifu. Mwaka 1988, katika shauri lililoamuliwa Mwanza, Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba sheria ya kuwahamisha watu kwa amri, ileile iliyompeleka Mkello Sumbawanga, ilikwenda kinyume cha Katiba. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliitaja sheria ya kizuizi miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Kutoka maasi ya Tabora hadi taarifa ya Tume hiyo ni takriban miaka 28.

Insha hii imeonyesha kwamba urithi wa 1964 una pande mbili. Upande mmoja ni kanuni kwamba hukumu ya mahakama huheshimiwa hata inapomchukiza mkuu wa nchi. Kanuni hiyo ilipata mwili katika sheria ya 1966, na ilipata nguvu kila askari alipofikishwa mbele ya jaji badala ya mbele ya kamanda aliyekasirika. Upande wa pili ni desturi ya kumwepuka hakimu kabisa pale ushahidi unapokuwa mchache au mtuhumiwa anapokuwa na wafuasi. Serikali iliyokuwa na uhakika wa kesi yake dhidi ya askari ilikwenda mahakamani na ikakubali kushindwa kwa sehemu. Dhidi ya wale ambao haikuwa na uhakika nao, haikwenda.

Kwa watafiti wa historia ya Katavi na Rukwa, matokeo haya yanapendekeza mwelekeo wa kazi. Maasi ya 1964 yameandikwa zaidi kutoka Colito, kwa macho ya mji mkuu. Yakitazamwa kutoka Tabora, Mpanda na Sumbawanga, yanaonyesha kitu ambacho mji mkuu hauonyeshi kwa urahisi: umbali wenyewe ulikuwa chombo cha utawala, na katika wilaya ambazo mahakama kuu zilikuwa mbali, amri ilifika kabla ya hukumu. Kipimo cha haki ya kijeshi katika Tanzania ya 1964 hakiishii kwenye miaka 15 aliyopewa Sajini Ilogi. Kinawahusu pia wale ambao hawakupewa hata siku moja ya kusikilizwa.